Anti Aliyepitia Mlango wa Nyuma

Mwalimu Helen ameniomba niandike haya kwa ajili yenu maanti wapya, na nimekubali kwa sababu nimestaafu na sina kisingizio. Niko nyumbani Wundanyi. Baridi ya huku inanikumbusha kila asubuhi kwamba nina magoti, na Doha ya mwezi wa saba niliyoilaani miaka yote hiyo nimeanza kuitamani kidogo. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini hamtazipata humu. Mimi sikuwahi kupanda kwenda popote isipokuwa ghorofa ya pili, na hiyo ni kwa sababu darasa la tatu lilihamishiwa huko.

Nilifika miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga. Shule yetu ilikuwa upande wa Al Rayyan, shule ya msingi ya kufuata mtaala wa Australia, na ukuta wake wa nyuma ulitazama kiwanja kitupu ambacho kwa macho yangu kilikuwa jangwa zima. Siku ya kwanza niliripoti nikiwa nimevaa viatu vya kisigino. Nilikuwa nimeambiwa kazi ni ya kumsaidia mwalimu darasani, nami nikaona nisifike kama mtu wa shamba. Aliyenipokea ni Nakato, Mganda wa makamo, anti mkubwa kuliko maanti wote pale. Alinitazama miguu kwanza, uso baadaye.

"Nyabo," akasema, jinsi Waganda wanavyomwita mama, "hapa tunakimbia."

Akanitolea raba zake za akiba, zikanibana vidole mpaka Ijumaa. Nakato ndiye aliyenifundisha kazi hii, na mengi ninayowaambia ni yake. Mfukoni uwe na pini, kitambaa kibichi na biskuti moja. Biskuti si yako. Kuanzia mwezi wa tano usimwachie mtoto apande bembea ya chuma kabla hujaigusa kwa kiganja chako mwenyewe, kwa sababu jua la kule halina huruma. Vumbi likivuma, taulo zilizoloweshwa ziwekwe chini ya milango kabla mwalimu hajasema, maana mwalimu mgeni atasema wakati tayari mnakula mchanga. Mtoto akitapika, ongea naye habari za paka.

Mwaka wangu wa kwanza tulipata mtoto wa Kikorea ambaye alikaa chini ya meza na hakutoka. Mwalimu alimbembeleza, mama yake alilia, mshauri wa shule alileta vikaragosi. Nakato alichukua vifungo vya sare vilivyokuwa vimeng'oka, akaingia naye chini ya meza, akaanza kushona. Hakumwambia neno. Siku ya pili akaingia tena. Nadhani ilikuwa katikati ya wiki iliyofuata mtoto alipoanza kumtungia uzi kwenye sindano, na baada ya hapo wakatoka wote wawili, Nakato akilalamika kiuno. Mkinikumbuka kwa lolote, bora mkumbuke hilo, ingawa halikuwa langu.

Sasa kuhusu jina hili la anti. Nyumbani Kenya, ninyi mnajua, dada ya baba yako ni shangazi na ana heshima zake. Anti ni yule dada wa kazi, anayewapikia watoto uji na kuwangoja basi la shule likirudi. Mimi nina wapwa wengi, wananiita shangazi na wananiogopa inavyostahili. Doha nikawa anti. Walimu walituita anti, watoto anti, wazazi anti, na mkiwa watatu mlangoni mtu akiita "Anti!" mnageuka wote. Nilikasirika miaka mingi, kimya kimya. Nakato alisema hasira hiyo nitaichoka, na hakukosea sana.

Jarida la shule lilitoka kila Alhamisi. Siku hizi mnalipata kwenye simu, lakini wakati huo lilikuwa karatasi zilizokunjwa, na Jumatano mchana kazi ya kuzikunja ilikuwa yetu. Lilikuwa na habari za kofia zilizopotea, chawa, keki za kuchangia, basi lililobadilisha njia, na picha. Chini ya kila picha yaliandikwa majina ya waliomo. Mwalimu alikuwa na jina, watoto walikuwa na majina, hata kobe wa darasa la kwanza alikuwa na jina lake. Sisi tuliandikwa "na anti". Nilikunja karatasi hizo mwaka baada ya mwaka, nikifahamiana na yule kobe.

Mwalimu Helen ndiye aliyekuwa mhariri. Ni Mzungu wa Australia, mrefu, anayepoteza miwani ikiwa kichwani pake. Nilipopewa darasa lake aligundua kwamba mimi ndiye ninayejua nani kang'oka jino na nani kajifunza kuogelea, basi akaanza kuniuliza habari za wiki kabla ya kuandika. Baadaye akaniambia niziandike mwenyewe. Niliandika, yeye akaweka nukta palipopungua. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye uandishi wa habari, kupitia meno ya watoto.

Kila mwaka, muhula wa pili, shule ilikuwa na wiki ya kujifunza juu ya Waaborijini, wenyeji wa kwanza wa Australia, waliokuwa kule kabla ya Mzungu yeyote kufika. Mwanzoni wiki hiyo kwangu ilimaanisha rangi. Watoto walichovya vijiti vya pamba na kujaza karatasi kwa nukta, wakachora mijusi na kangaruu wa nukta, kisha wakajichora wao wenyewe, na mimi nikasugua meza mpaka jioni. Halafu mwaka mmoja Helen akasema nukta basi. Alikuwa amesoma na kuulizia, akaelewa kwamba michoro ile ina wenyewe, kwamba si kila mtu huruhusiwa kuichora hata miongoni mwao, na kwamba yeye alikuwa akigawa mali isiyo yake. Aliwaambia watoto hivyo hivyo, bila kuzunguka. Nilimheshimu kwa hilo, na meza zangu zikapumzika.

Badala yake alibandika ramani ya Australia iliyogawanywa kwa lugha za wenyeji. Ilikuwa na vipande vingi kama blanketi la viraka, kila kipande na watu wake na maneno yao. Niliisogelea nikiwa na ndoo mkononi nikakaa pale muda. Doha nilikuwa nimeulizwa mara nyingi kama ninazungumza Kiafrika. Nilipoiona ile ramani nilielewa kwamba kuna watu upande wa pili wa dunia wanaoulizwa maswali ya aina hiyo hiyo.

Miaka ya elfu mbili na kumi ikaingia, mji mpya wa Lusail ukaanza kuota kule kaskazini, na wahandisi wakaja na familia zao. Mmoja wao alikuwa Mwaustralia, na binti yake, Tess, akaletwa darasani kwetu. Mtoto mkimya, mwenye nywele za kujikunja, anayekula ganda la mkate na kuacha katikati. Siku Helen alipoonyesha ile ramani, Tess aliinuka, akaweka kidole kwenye kipande kimoja, akasema, "Hapa ni kwa nyanya yangu." Palikuwa pameandikwa Wiradjuri, jina la wenyeji wa hapo. Helen akaketi chini.

Ikajulikana kwamba nyanya huyo anakuja Doha kumtembelea mwanawe. Helen akamwomba, kupitia wazazi wa Tess, aje azungumze na watoto wakati wa ile wiki yetu. Akakubali. Nami nikaandika kwenye jarida, kama nilivyoambiwa, kwamba tutatembelewa na Anti Joyce.

Alhamisi jarida likaenda. Jumapili asubuhi, ambayo kule ndiyo siku ya kwanza ya kazi, simu ya ofisi ikalia. Mama mmoja alitaka kujua kwa nini watoto watafundishwa na mfanyakazi wa ndani wakati yeye analipa karo yote. Mwingine akauliza kwa upole kama mwalimu anaumwa. Naibu wa mwalimu mkuu, Bi. Margaret, alimwita Helen ofisini, na kwa kuwa nilikuwa nimeingia kuchukua chaki nikayasikia yote. Si mtu mbaya Bi. Margaret. Alikuwa mtu wa kuogopa simu. Alitaka mgeni aitwe Bi. Mercer, kama ilivyo kwenye pasipoti yake, na mambo yaishe.

Helen akamweleza kwamba kwa watu wa Joyce, Anti ni jina la heshima. Halihitaji ukoo. Mtu hulipata akiwa ameishi, amelea, amebeba wenzake, na watu wakaanza kumwita hivyo wenyewe, huwezi kujipa. Kumvua jina hilo na kumwita Bi. ni kumshusha. Nilisimama na chaki zangu. Neno nililolimeza kama dawa chungu miaka yote, kumbe kuna mahali watu huzeeka ili walipate.

Wakasuluhishana. Kwenye jarida lijalo abaki Anti Joyce, na maelezo mafupi yaongezwe. Lakini kule langoni Bi. Margaret akatoa agizo kwa namna yake: Jumanne atakuja mgeni wa heshima kutoka Australia, Bi. Mercer, lango kubwa lifunguliwe. Jarida halikuwa likipelekwa langoni. Hakuna aliyewaza kwamba mlinzi naye husoma.

Mlinzi alikuwa Barasa, Mbukusu wa Bungoma, ndiyo kwanza ameajiriwa na kampuni ya ulinzi na bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Kampuni iliyomleta Doha hapo kabla ilikuwa imefunga na kuwatawanya, naye akahangaika mpaka akapata hii. Alijua, na sote tulijua, kwamba mlinzi wa majaribio akilalamikiwa na shule hurudishwa kwenye kambi ya wafanyakazi jioni hiyo hiyo, na kutoka kambini ni uwanja wa ndege. Nyumbani alikuwa na mke, watoto watatu na mama mgonjwa. Kwa hiyo alikuwa makini kupita kiasi. Aliwapigia saluti hata madereva wa maji.

Jumanne asubuhi Barasa alikuwa akilingoja gari. Kichwani mwake, alivyonieleza baadaye, Bi. Mercer alikuwa Mzungu mwenye miwani ya jua, ndani ya gari kubwa. Akamwona mwanamke mweusi mzee kidogo akishuka kwenye teksi mbali na lango, akatembea juani, amevaa gauni refu la maua, raba, na kitambaa cha manjano kichwani. Barasa akamsalimia, akamwuliza yeye ni nani.

"Mimi ni Anti Joyce," akasema yule mama. "Nimekuja kwa watoto."

Basi. Wiki hiyo tulikuwa tunangoja anti mpya, badala ya Mfilipino mmoja aliyekwenda kujifungua. Barasa akamtazama mama yule kwa huruma ya watu wanaotoka mbali, akamwambia karibu, akamchukulia mfuko, akamzungusha nje ya ukuta mpaka mlango wa nyuma, ule wa karibu na mapipa, na kumfikisha chumbani kwetu. Kisha akakimbia kurudi kulingoja lile gari.

Chumba cha maanti mnakijua: nyuma ya kantini, birika moja, viti visivyofanana. Nakato akampokea, akampa chai ya maziwa na aproni, akamwonyesha ndoo ya machungwa ya mapumziko. Mimi niliingia kuchukua trei ya darasa langu nikamkuta ameketi na kisu, anamenya kwa maganda marefu yasiyokatika, na maanti wamemzunguka. Nilifurahi kwamba mpya anajua kazi. Nikasalimia, nikaketi kidogo maana watoto walikuwa wakipelekwa ukumbini na Helen.

Akaniuliza jina, kisha akaniuliza, "Watu wako ni akina nani?"

Nikamwambia mimi ni Mkenya. Akatikisa kichwa taratibu, akasema hiyo ni nchi ya pasipoti. Yeye anauliza watu wangu, na ardhi alikolala nyanya yangu. Hapo nikaweka trei chini. Tangu nifike Doha nilikuwa nimeulizwa uraia, kadi ya ukaazi, kampuni, kanisa, na umri. Sikuwahi kuulizwa nyanya yangu amelala wapi. Nikamwambia ni Wataita, na nyanya amelala mlimani, karibu na mgomba wa mwisho kabla ya msitu. Akasema, "Ah, mtu wa mlima," kama vile sasa amenifahamu, akaendelea kumenya. Machozi yalinijia nikayasingizia machungwa.

Nakato alimwuliza naye watu wake ni akina nani. Akasema ni watu wa mito, na kwao huitwa Anti kwa sababu ya umri na vurugu alizozipitia. Nakato akacheka, akasema basi wewe ni ssenga, maana kwa Waganda shangazi ndiye anayemfundisha msichana dunia, na hata baba wa nyumba humsikiliza. Wakapeana mikono upya kwa ajili ya neno hilo. Na bado hakuna aliyeng'amua, mimi mwenyewe nikiwemo, niliyeandika jina lake jaridani kwa mkono wangu. Nadhani ilikuwa aproni. Mtu akishavaa aproni macho hayaendi zaidi ya hapo.

Nikapeleka trei ukumbini. Watoto wote walikuwa wamekaa sakafuni, Bi. Margaret akitembea huku na huku na simu, akiuliza lango kama Bi. Mercer amefika, na Barasa akijibu bado. Helen alikuwa amewaimbisha watoto nyimbo zote anazozijua. Tess alikuwa mstari wa mbele, anakaribia kulia, akimwambia mwenzake kwamba nyanya yake huja kila anaposema atakuja, na kwamba leo amevaa kitambaa cha manjano.

Mwanamke mwenye kitambaa hicho nilikuwa nimemwacha akimenya machungwa. Nikamnong'oneza Helen. Helen akatoka mbio, na miwani ikamdondoka kichwani njiani.

Aliporudi alikuwa ameshikana mkono na Anti Joyce, ambaye hakuwa amevua aproni. Tess aliruka. Bi. Margaret aliganda, uso ukawa mwekundu, akatoka nje na simu yake, na kupitia dirishani nilimsikia akiiita kampuni ya ulinzi. Alisema mlinzi amemwaibisha mgeni, amempitisha mapipani, na aondolewe leo.

Sikuweza kuondoka ukumbini, darasa lilikuwa langu. Kwa hiyo nilimsikiliza Anti Joyce nikiwa na sikio moja tu. Hakuanza kuzungumza. Alisema kwao mtu akiingia ardhi ya wengine hukaa angoje mwenye ardhi amkaribishe, na akauliza kama yupo mtoto ambaye nyanya zake wamelala katika ardhi hii ya Qatar. Halafu Noora, binti wa Kiqatari, msichana wa haya sana, akasimama akasema, "Hayyach Allah," jinsi wanawake wa kwao wanavyomkaribisha mwanamke mlangoni. Anti Joyce akamshukuru, ndipo akaketi na kuanza.

Aliwaambia juu ya mto wa kwao na samaki wake, na jinsi ya kuuliza kabla ya kuchukua. Mtoto mmoja akamwomba hadithi ya kale. Akasema anazo, lakini nyingine si zake kuzitoa, ni za wengine, na akawasimulia moja aliyoruhusiwa. Watoto walitulia kuliko nilivyowahi kuwaona. Mimi kupitia dirishani nilikuwa natazama lango. Gari la kampuni lilifika, msimamizi akashuka, na kijana mwingine aliyevaa sare akabaki kiti cha nyuma. Nikamwona Barasa anaingia kwenye kibanda chake na kuanza kukusanya vitu, chupa ya chai, chaja, jaketi. Kisha akasimama na simu sikioni, mgongo umegeukia lango. Alikuwa akimwambia mke wake, alivyonieleza baadaye, kwamba anarudi.

Watoto walipotawanyika nilimfuata Anti Joyce nikamweleza. Nilimwambia wazi kwamba yule mtu aliyembebea mfuko anafukuzwa kwa ajili yake. Akauliza ofisi iko wapi.

Tuliingia watatu, yeye, Helen na mimi, nami sikualikwa. Msimamizi alikuwa tayari mbele ya meza ya Bi. Margaret, na Barasa ukutani, kofia mkononi. Bi. Margaret akaanza kuomba radhi, maneno mengi mazuri, na akasema mhusika anaondoka leo hii.

Barasa alisema, kwa Kiswahili, akinitazama mimi, "Sasa mimi ningejua aje, dada? Alisema yeye ni anti."

Anti Joyce akataka kujua amesema nini. Nikamtafsiria. Akavuta kiti akaketi bila kuambiwa, akaweka mikono juu ya aproni.

"Aliniuliza mimi ni nani," akamwambia Bi. Margaret. "Nikamwambia ni Anti. Akanipeleka kwa maanti. Alikosea wapi?"

Bi. Margaret akasema kwamba mgeni wa heshima hawezi kupitishwa mlango wa nyuma. Anti Joyce akajibu bila kupandisha sauti kwamba yeye amekulia milango ya nyuma, anaijua, na kwamba kwao aliyezaliwa enzi zake hakuruhusiwa mingine. Asubuhi hii alibebewa mfuko, akaambiwa karibu, akapewa chai na kuulizwa watu wake. Akasema kama mtu huyu atafukuzwa kwa kumweka pamoja na wale wanawake, basi anachoambiwa yeye ni kwamba kukaa na wale wanawake ni aibu. Akauliza kama ndivyo shule inavyotaka iandikwe kwenye jarida.

Nilimwangalia Bi. Margaret na, niseme ukweli, nilimwonea huruma. Alikuwa anaogopa simu za wazazi kwa miaka, na sasa hofu ya aina nyingine imeketi mbele yake na aproni. Alikaa akiinyoosha kalamu mezani. Mwishowe akamwambia msimamizi kwamba malalamiko ameyaondoa, kosa lilikuwa la maagizo.

"Khalas," akasema msimamizi, "mafi mushkila," yaani yamekwisha, hakuna tatizo, akaenda zake na yule kijana wake. Bi. Margaret akamgeukia Barasa, akamwambia afunge kifungo cha juu cha shati arudi langoni. Barasa alikuwa bado ameishika kofia kwa mikono miwili. Nikamfungia mimi.

Mchana Anti Joyce aliondoka akiwa na Tess. Barasa alikuwa amefungua lango kubwa, mabawa yote mawili, kwa ajili ya watu wawili wa miguu. Yule mama akasimama hapo katikati hapiti. Barasa akaniuliza kwa macho anangoja nini. Nikakumbuka maneno ya ukumbini, nikamwambia anangoja wewe umruhusu, wewe ndiye uliyemkaribisha.

Barasa akavua kofia. "Nenda salama, senge," akamwambia. Akamweleza kwa Kiingereza chake kwamba kwa Wabukusu senge ni dada ya baba, na senge hasimamishwi mlangoni, kwa sababu akiondoka na kinyongo nyumba haikai vizuri. Anti Joyce alilirudia neno hilo mpaka akalipata, kisha akapita.

Jumatano Helen akanipa picha aliyotupiga maanti pamoja na Anti Joyce, niandike maneno ya chini. Niliandika majina yetu sote wa chumba cha maanti, na mwisho nikaandika kwamba mgeni alikaribishwa langoni na Bw. Barasa. Nakala ikapelekwa kwa Bi. Margaret. Aliishika kalamu juu ya mstari ule wa mwisho, akaiweka chini, akasema iende. Alhamisi ile nilikunja karatasi taratibu sana, Nakato akaniuliza kama ninapiga pasi.

Barasa aliomba nakala moja zaidi, akampa jirani yake aliyekuwa akienda likizo Bungoma. Kule nyumbani mke wake alikuwa bado anaamini kwamba mumewe ameshafukuzwa na anamficha, maana ile simu ya Jumanne hakuisahau, na maneno ya faraja yaliyofuata hakuyaamini. Alipopata karatasi aliipeleka kwa mwalimu wa watoto asomewe. Jioni akapiga simu. Barasa alikuwa zamu na mimi nilikuwa nikingoja basi, kwa hiyo nilisikia upande wake tu. Mke, alivyonieleza baadaye, alikuwa akiuliza ni kitu gani hasa alichofanya mpaka wakamwacha kazini na kumwandika kwa jina, tena na Bw. mbele yake.

Barasa aliegemea lango.

"Senge alikuja mlangoni," akamwambia. "Nikamfungulia."